Ritifaa ya Ng'ombe

Tajiri wangu aliposikia kwamba mpwa wake anakuja kutoka Nairobi na library, alifungua stoo, akaamuru magunia yatolewe, akaita fundi apigilie rafu za vitabu ukutani. Nilimwacha. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi yake ya kupitisha mizigo mpakani, pale Malaba, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na nilishajua kuwa kumsahihisha mtu yule ni kutwanga maji kwenye kinu. Mpwa akashuka na diski moja mfukoni. Ndiyo hiyo library: faili la JavaScript alilolitoa kwenye mtandao, limejaa kazi ambazo mtu mwingine amekwisha kuziandika, wewe unaziita tu kwa majina. Rafu ziliishia kubeba chupa ya chai na karatasi za choo.

Tovuti ilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza kurasa huko Kisumu, katika likizo zangu, na nilimweleza tajiri kwamba wateja wangeweza kuchagua mzigo wao kwenye ukurasa badala ya kuja kubishana nasi mlangoni. Akalipenda wazo, akampigia simu mpwa wake. Nilipolalamika alisema atakayeufanya ukurasa ukubali mbele ya mama wa ng'ombe, siku ya Ijumaa, ndiye atakayekalia kiti cha kompyuta, na mwingine asimsumbue tena. Mama huyo alikuwa mfanyabiashara wa Kiteso aliyevusha ng'ombe kutoka Uganda, mteja wetu mkubwa kuliko wote, na ofisi ya jirani ilikuwa ikimmezea mate. Nilikitaka kiti kile. Nilikuwa nimechoka kupiga upya karatasi nzima kwa sababu ya herufi moja, huku mtu asiyejua tahajia akinisimamia begani.

Mpwa alilitibu kila tatizo kwa diski ile, kama mganga mwenye chupa moja ya dawa. Tajiri akitaka saa kwenye ukurasa, library ina saa. Akitaka namba za simu zikaguliwe, library inakagua, ila ilizihesabu tarakimu Kimarekani, kwa hiyo ikazikataa simu zote za Malaba, pamoja na ya ofisi yetu. Kisha asubuhi moja nikakuta theluji. Vitone vyeupe vilikuwa vikianguka polepole juu ya jina la kampuni, na nje madereva wamejilaza chini ya malori yao wakikimbia jua.

"Hii theluji ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ni effect, dada. Inakuja na library."

"Na namba ya ofisi inakataliwa."

"Basi mbadilishe namba."

Alisema hivyo bila kucheka. Nilimdharau tangu hapo, na sijapata sababu ya kuacha. Tajiri naye alileta viti viwili ili wageni watazame theluji. Fundi wa viatu aliyekaa mlangoni aliitazama, akauliza kama skrini imeingia mchwa, na huyo ndiye mtu pekee aliyesema neno la maana wiki nzima.

Ijumaa mama akaja, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Mpwa alikuwa amepanga orodha ya mizigo: mahindi, chumvi, saruji, samaki wa Osieko. Tajiri akamnong'oneza kwamba mama ana ng'ombe na ng'ombe hawamo. Mpwa akaongeza neno hilo mwishoni, akaufungua ukurasa upya, na kila kitu kikatoweka. Orodha hakuna, saa hakuna. Theluji nayo iliacha kuanguka, jambo ambalo kwa kweli nilishukuru.

Kosa nililiona nikiwa nimesimama. Kwenye faili lile kila neno lilifungwa kati ya vialama viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kialama hicho ndicho hicho ritifaa yetu. Kompyuta ilisoma ng, ikakuta ritifaa, ikadhani neno limekwisha. Ikaona ombe amebaki nje hana mwenyewe, ikagoma kazi yote.

"Ni ritifaa," nikasema.

"Ni nini?"

"Hiyo alama kwa ng'ombe. Ulifunzwa primary."

"Dada, hii library imeandikwa na watu wa Amerika. Haiwezi kuwa na makosa."

"Watu wa Amerika huandika cow."

Tajiri akaniambia niache kuingilia mambo ya kitaalamu. Kisha akatoa utaalamu wake mwenyewe: "Si uandike tu bila hiyo alama?" Mpwa akaandika ngombe, ukurasa ukafufuka, akamsomea mama kwa sauti kama lilivyoandikwa, n-gombe, kitu ambacho hakijawahi kula majani popote.

Mama akamtazama, akamwita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, hiyo mimi sina. Mimi niko na ng'ombe."

"Wacha tuweke beef," mpwa akasema.

"Ziko hai bado."

Ng'ombe wa maskini hazai, na huyu wetu hata kuandikika alikuwa hataki. Mama akaanza kuufunga mkoba. Mpwa akatoka mbio kwenda kwenye kibanda cha simu ampigie rafiki yake Nairobi. Kiti kikawa kitupu, nikakikalia. Nikairudisha ritifaa, na mbele yake nikatia mkwaju mmoja, kile kistari kilichoinamia kushoto, ambacho huiambia kompyuta kwamba alama inayofuata ni sehemu ya neno, isilifunge. Basi. Ng'ombe wakatokea chini ya samaki, na theluji ikaanza kuwaangukia.

"Zitakufa na baridi," mama akasema, lakini mkoba aliuweka chini.

Mpwa aliporudi alitazama skrini, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelitarajia hilo. "Nilijua. Library hii ukiipatia muda inajipanga yenyewe."

Tajiri alikuwa ameniona. Alikuwa amesimama nyuma yangu wakati wote, pumzi yake shingoni mwangu. Akampiga mpwa wake begani, akamwambia mama, "Hii ndiyo damu yetu. Kuanzia leo kompyuta ni yake." Kisha akanigeukia. "Dada, inuka hapo, mtu afanye kazi. Na utuletee chai."

Nilileta chai. Nilimimina ya mama kwanza, kwa heshima, maana yeye hakuwa amenikosea. Halafu, wao wakiwa wamegeukia vikombe, nikachukua kitambaa, nikaifuta kibodi vumbi kwa uangalifu, na katika kufuta huko nikaufuta na mkwaju, nikahifadhi. Nikabeba mkoba wangu, nikatoka. Nilijua mpwa hawezi kukaa dakika mbili bila kuufungua ukurasa upya ili asifiwe tena.

Nilikuwa nimefika katikati ya foleni ya malori tajiri alipotoa kichwa dirishani.

"Dada! Rudi! Ng'ombe wamepotea!"

Sikugeuka. Madereva ndio waliogeuka, wakatoka chini ya malori yao, na mmoja akamuuliza kwa huruma ni wangapi, na wa rangi gani.