Ng'ombe wa Papa, kwa Sauti ya Pua

Kiongozi wa kwaya yetu alinifukuza nikiwa na miaka kumi na tano, mbele ya masoprano wote, kwa sababu nilikuwa naimba kwa pua.

"Binti, Mungu anatusikia na masikio," aliniambia. "Hapana na pua. Kwenda kwanza utafute dawa, kisha utarudia."

Sikuwa na mafua. Nilijifunza kuimba kutoka kwenye kaseti za papa, yaani baba yangu, na ndani ya kaseti zile kila mtu aliimba kwa pua. Papa alizinunua bandarini Mahagi-Port, kwa mchuuzi aliyevuka ziwa akiwa na vitenge, samaki wa chumvi na muziki wa kantri wa Wamarekani, vyote ndani ya gunia moja. Harufu ya samaki haikutoka kamwe. Hadi leo nikisikia gitaa la namna ile ninapata njaa.

Papa hakuelewa hata neno moja la nyimbo zile. Alichoelewa ni picha ya jalada: mwanaume mwenye kofia pana, amesimama kati ya ng'ombe, amenuna.

"Huyu ni mutu ya kwetu," alisema papa. "Angalia miguu. Ile ni miguu ya kutembea nyuma ya ng'ombe."

Yeye pia alikuwa na kofia pana. Bunia ya miaka ile ilikuwa mji wa kofia: za bluu za walinda amani, za wanajeshi wa nchi, za wale waliotoka msituni na kuambiwa wamekuwa raia. Nyuma ya kila kofia kulikuwa na bunduki, isipokuwa ya papa. Nyuma ya kofia ya papa hakukuwa tena na kitu, hata ng'ombe mmoja. Wote walichukuliwa wakati wa vita, asubuhi moja, na sisi tukaja kukaa mtaa wa Bigo, katika kiwanja, parseli, ya baba mudogo, yaani mdogo wake papa, ambaye alitukumbusha kila siku kwamba parseli ni yake.

Kwaya iliponikataa, papa alinitafutia gitaa. Lilikuwa na nyuzi nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Nilijifunza nyuma ya nyumba, karibu na choo, kwa sababu baba mudogo alisema kelele na harufu mbaya zikae pamoja. Kiingereza changu kilikuwa sauti tu. Nilitoa sauti ile ile niliyoisikia, nikainua mwisho wa kila mstari kama mtu anayekanyaga msumari. Watu wa mtaa hawakujua neno kantri. Waliuita "muziki ya kofia."

Mara yangu ya kwanza kuimba mbele ya watu ilikuwa kwenye arusi. Watu walikuwa wamekunywa, walitaka kutikisa kiuno. Mimi nikawapa wimbo wa polepole kabisa, wa yule mwanaume aliyenuna. Walijaribu kucheza, kweli walijaribu. Bwana arusi alikwama katikati na mguu mmoja juu. Mwisho shangazi yake akauliza kwa sauti, "Mama, ni nani amekufa?" Wote wakacheka, na mimi nikakaa chini.

Lakini mwanamke mmoja hakucheka. Mama mkwe wake alipofariki, alikuja kwetu akauliza, "Ule mutoto wa kulia na pua, iko hapa?"

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Kilichoharibu arusi kilifaa sana matangani. Hakuna anayeweza kucheza muziki ule, na hiyo ndiyo heshima. Katika miaka ile watu hawakulala tena nje kwenye matanga kama zamani. Amani ilikuwa imetiwa sahihi, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuijaribu gizani. Kwa hiyo kulia kulikuwa kazi ya mchana, kuanzia saa nne mpaka jua linapoinama, na mchana mrefu unahitaji nyimbo. Niliitwa Bigo yote, kisha mitaa mingine, nikipakiwa kwenye pikipiki na gitaa mgongoni. Jina langu likawa baya kidogo. Kulikuwa na mzee mgonjwa karibu na barabara; kila nilipopita dirishani kwake alipiga kelele kutoka kitandani, "Bado! Pita!"

Shida ilikuja kwa sababu nyimbo za kaseti zilikuwa chache na wafu walikuwa wengi. Nikaamua kutunga wimbo wangu.

Wakati ule walikuja watu wa msaada wakasema kila aliyepoteza mali aiandike. Mji mzima ulisimama kwenye mstari na karatasi. Papa aliandika yake katika ukurasa wa daftari langu. Lakini hakuandika idadi ya ng'ombe. Aliandika tabia. Kulikuwa na Madame, ambaye hakukubali kukanyaga matope. Kulikuwa na Usiniguse, aliyempiga teke daktari wa mifugo. Kulikuwa na Chelewa, aliyefika zizini baada ya wengine kulala. Kulikuwa na Muke wa Pasta, kwa sababu alitembea mbele na hakumsalimu yeyote. Kijana wa mezani alisoma, akamwangalia papa.

"Muzee, mimi nauliza ni ngapi."

"Ngapi ni ya kuku," papa alimjibu, akachukua karatasi yake, akarudi nyumbani.

Karatasi ile ndiyo niliyoigeuza wimbo. Niliuimba kwa Kiswahili chetu, lakini kwa pua, kwa ile sauti ya mtu aliyenuna. Papa alipousikia mara ya kwanza, alienda kusimama nyuma ya nyumba muda mrefu. Nilidhani haukumpendeza. Aliporudi alisema, "Usiniguse hakumupiga daktari mara moja. Alimupiga mara mbili." Nikarekebisha.

Sasa, kwenye barabara yetu aliishi fundi mmoja wa matofali. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, wao watu wa jembe. Pande hizi mbili zina majina yao, mnayajua, na sisi tumechoka nayo. Mama yake alifariki. Nikaitwa kuimba, na nikaona ni heshima: mtoto wa huku anaitwa kulia kule. Niliimba kaseti yote, upande wa kwanza na wa pili. Jua bado lilikuwa juu. Ndipo, kwa ujinga wa miaka kumi na sita, nikaimba ng'ombe wa papa.

Nilipofika kwenye jina la Chelewa niliona watu wameacha kutafuna. Fundi matofali alisimama.

"Mutoto, nani amekutuma?"

"Hakuna mutu, papa," nilimjibu, kwa kuwa kwetu kila mzee ni papa.

"Mama yangu analala hapa, hata udongo hajapata, na weye unakuja kunisomea liste ya bangombe? Papa yako amekosa mudomo?"

Nilielewa nilichofanya kabla hajamaliza. Mahali pengine wimbo wa ng'ombe ni wimbo wa ng'ombe. Kwetu, baada ya mji mzima kusimama na karatasi, kutaja ng'ombe mmoja mmoja ndani ya nyumba ya mtu ni kumshtaki. Nilitoka kinyumenyume, gitaa kwapani, nikakanyaga sahani ya mtu.

Nilipomsimulia, papa alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Asubuhi alivaa shati lake zuri, tukaenda wote wawili kuomba msamaha. Fundi matofali alituletea benchi. Walizungumza juu ya udongo, udongo gani unapasuka motoni na upi haupasuki, saa nzima. Neno ng'ombe halikutamkwa. Baada ya siku ile alimsalimu papa kila asubuhi. Mimi hakunisalimu.

Mwaka uliofuata, masika, kifua cha papa kilikataa. Sitaandika habari za ugonjwa; ulikuwa mrefu na hakuwa na subira nao. Siku moja aliniita.

"Siku yangu, usiniletee ile maneno ya Kiingereza. Ile mutu hata simujui. Uniimbie bangombe yangu."

"Ndiyo, papa."

"Na pua."

"Na pua, papa."

Alifariki siku ya soko. Fundi matofali alifika matangani kabla ya ndugu zetu wengi. Alileta matofali ya kuinulia sufuria, akayapanga mwenyewe, kisha akakaa benchi la mbele kabisa, mikono juu ya magoti. Baba mudogo alipoona hivyo alinivuta nyuma ya nyumba.

"Leo utaimba za Yesu."

"Nilimuahidi papa."

"Papa yako amekufa. Miye niko mzima, na parseli ni yangu. Weye ukianza kuita bangombe mbele ya ule mutu, atasema tumemuita kwa kilio ili tumushitaki. Kesho watoto yake na yetu watapigana pale kwa mupira. Kesho kutwa si watoto tena. Weye unajua vile vinaanzaka."

Nilijua. Nataka niwe mkweli: hakuwa anasema upumbavu. Vita vyetu viliwahi kuanza kwa mambo madogo kuliko wimbo. Lakini nilikuwa nimemwambia papa ndiyo, na hakuwa na siku nyingine ya matanga ambayo ningemwimbia.

Nilienda kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka.

"Mama, nifanye nini?"

"Ulimuahidi nani? Miye ao yeye?"

"Yeye."

"Basi kwenda umuulize yeye."

Nilienda nikasimama karibu na jeneza. Papa alikuwa amevalishwa tai ambayo si yake. Hakunijibu, na usoni alionekana kama mtu aliyekasirishwa na tai. Nikachukua gitaa.

Nilianza na Madame. Sauti ilitetemeka, lakini muziki ule unapenda sauti ya kutetemeka, hakuna aliyejua tofauti. Sikumtazama fundi matofali. Niliimba Usiniguse na mateke yake mawili. Niliimba Muke wa Pasta, na mke wa pasta wetu, aliyekuwa amekaa mbele bila kumsalimu yeyote, alirekebisha kitambaa chake, na upande wa wanawake mtu alicheka ndani ya mkono. Niliimba Chelewa. Niliimba wote mpaka mwisho, kisha nikashusha gitaa.

Fundi matofali aliinua mkono, kama mwanafunzi. Baba mudogo alikuwa tayari amesimama.

"Kuko moja," fundi alisema. "Ile ya jicho moja. Hauiimbe."

Aliteremsha mkono.

"Ilikuwa napenda chumvi," aliendelea. Alikuwa anaongea na jeneza, si nasi. "Mutu akiweka chumvi kwa mukono, inalamba mpaka inataka kula mukono. Ilikufa na uzee, muzee. Hapana na kisu."

Yule ng'ombe alikuwepo. Papa alikuwa amemwandika kwenye karatasi, wa tatu kutoka juu. Mimi ndiye niliyemtoa, kwa sababu jina lake lilikuwa refu na lilivunja mstari. Papa alijua, na hakuniambia kitu.

Baba mudogo alifungua mdomo. Najua swali lililokuwa ndani. Sisi wote tulikuwa nalo. Mama aliinuka, mara ya kwanza tangu asubuhi, akachukua sahani ya ugali na samaki, akaiweka mikononi mwa baba mudogo, mbele ya kifua chake, kwa nguvu kidogo.

"Kula," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Weye, rudilia. Uiweke."

Nikarudia. Nilipofika mahali pake, jina halikuingia, kama nilivyojua. Niliongea badala ya kuimba, nikapoteza mpigo, waya mmoja wa breki ukakatika. Ilikuwa mara mbaya kabisa niliyowahi kuuimba. Fundi matofali alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akala, akaenda pamoja na wanaume kuzika.

Watu huniuliza kama nilimsamehe. Hakuniomba. Hakusema alimpata wapi yule wa jicho moja, wala wengine walienda wapi, na hakuna ng'ombe aliyerudi. Alianza kunisalimu asubuhi, na mimi nilijibu. Siku nyingine nilijibu vibaya.

Wiki mbili baada ya mazishi, kabla sijarudi kuimba popote, mama mmoja alibisha mlangoni. Sikumjua. Alikuwa wa upande wa jembe, nilisikia kwa namna alivyosalimu. Mikononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi imekuwa laini kama kitambaa.

"Ni weye unaimbaka bitu ya watu yenye ilipotea?"

"Nilikuwa naimba ng'ombe, mama."

"Miye sina bangombe. Niko na bambuzi, na mashini ya kushona. Na bwana yangu." Alifunua karatasi. "Nilimuandika hapa chini, kwa sababu alikuwa muvivu."

Nilimwambia akae. Nilitoa gitaa, nikafunga waya mpya, nikamwomba anieleze kwanza habari za mbuzi, za bwana yake baadaye, kwa sababu nilikuwa bado silii vizuri kwa ajili ya watu.