Tansy, Mbwa Aliyeogopeshwa Bata

Jua linachungulia juu ya mashamba ya mpunga nje ya mji wa Stuttgart, jimbo la Arkansas, Marekani, na Vernice Tolliver amepiga magoti kwenye tope, bata aliyekufa mkononi. Mbele yake ameketi mbwa jike mweusi, jina lake Tansy. Vernice anamsogezea bata. Mbwa anageuza uso.

"Shika, mwanangu," anambembeleza. "Bata hana kosa. Shika."

Tansy anajilaza chini, anatetemeka.

Vernice anasimama. Machozi yanamlenga, lakini usidhani ni huzuni. Ni hasira tupu.

"Mbwa huyu alitoka hapa mzima," anasema. "Mzima kabisa! Tazama walivyomfanya."

Mama huyu wa miaka 52 anafundisha mbwa wa kuwindia bata, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Kila mbwa hukaa kwake miezi minne, na mwenye mbwa hulipa dola mia saba kwa mwezi. Nusu yake huishia kwenye chakula na dawa za minyoo.

Ni kazi isiyotaka pupa. Mbwa huanza kwa kushika kijiti kilichozungushiwa kamba, akae nacho mdomoni bila kukitafuna. Akishazoea, kijiti hufungwa mabawa ya njiwa. Baadaye hupewa njiwa mzima, halafu bata aliyegandishwa, ndipo aletewe bata aliyetoka kupigwa risasi. Neno "toa" halitamkwi mpaka mkono wa mtu uwe umemshika ndege. Kabla ya hapo, hata nyumba iungue, mbwa haachii.

"Kumfuata bata, mbwa yeyote atamfuata," anasema Vernice. "Kazi ni kumfikisha mkononi. Akimwachia ukingoni na bata bado yu hai, bata anajiburuta kwenye manyasi, anakwenda kufa huko taratibu. Huo si uwindaji, ni ukatili."

Tansy alikuwa akiyajua yote hayo. Mwenye mbwa, muuza matrekta aitwaye Brandt Keesler, alimchukua msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, akaenda naye majini pamoja na marafiki zake. Tansy akaogelea, akamleta bata wa kwanza mpaka ukingoni, akamweka chini kidogo ili ajikung'ute maji. Ni kosa la mbwa wote wachanga wakilowa baridi. Marafiki wakacheka. Keesler akaona haya, akabonyeza rimoti ya mkanda wa umeme aliomvisha shingoni.

Mbwa akalia. Akamwokota bata mbio mbio, maskini, apate kusamehewa. Keesler akabonyeza tena.

Hebu lifikirie hilo, msomaji. Mnyama anatii, bata yuko mdomoni, na hapo hapo anapigwa umeme!

"Yeye mwenyewe ndiye aliyenihadithia, tena anacheka," anasema Vernice. "Sasa mbwa amejifunza nini? Kwamba bata anauma."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile Tansy hakumgusa bata yeyote. Keesler akamrudisha kwa Vernice na maneno ambayo mtu mwenye utu hayatamki: "Mtengeneze kabla mwezi haujaisha, Bi Vernice. Akishindwa, risasi ni rahisi kuliko chakula chake."

Vernice alirudi kwenye kijiti. Alianza upya kabisa, kama na mbwa mtoto, akila chakula chake cha mchana pale pale kwenye tope ili Tansy amzoee tena binadamu.

Wiki tatu baadaye, Keesler anashuka kwenye pikapu yake, rimoti mkononi. Kabla hata ya salamu anamvisha Tansy ule mkanda.

"Huo wa nini?" anauliza Vernice.

"Tahadhari tu."

Lemuel, mumewe Vernice, anamtupa bata aliyekufa kwenye mfereji wa shamba. "Leta!" anaamuru Keesler. Tansy anasita, anamtazama Vernice, kisha anaruka. Anaogelea, anamshika, anarudi. Na ukingoni, lahaula! Anamweka chini, anajikung'uta.

Kidole cha Keesler kinakwenda kwenye kitufe.

"Thubutu!" Vernice anamkemea. "Geuka! Mpe mgongo, tembea!"

"Nitembee niende wapi?"

"Popote! Nenda kwa mama yako! Tembea!"

Keesler anageuka, anatembea. Tansy anamwona anaondoka, na mbwa hapendi kuachwa. Anamwokota bata, anamkimbilia, anaketi kushoto kwake na kuinua kichwa. Mtu mzima huyu anainama, anamshika bata. "Toa," anasema kwa sauti ndogo. Bata anabaki mkononi mwake, hata unyoya haukuvunjika.

"Loo," anasema Keesler. "Ametengemaa."

"Huyo hakuharibika," anamjibu Lemuel. "Aliyeharibika ndiye aliyekuja na gari."

Keesler anapiga mluzi, anafungua mlango wa pikapu. Lakini Vernice ameshamvua Tansy ule mkanda, amemwingiza bandani na kutia kufuli.

"Mbwa haendi," anasema.

"Mbwa ni wangu!"

"Ni wako, sikatai. Jumamosi nitamleta majini mwenyewe, na kila Jumamosi mpaka msimu uishe. Bure. Siku utakayogeuka bila mimi kupiga kelele, utamchukua."

"Nitakuja na sherifu!" Keesler anaufunga mlango kwa kishindo, anaondoka peke yake.

Vernice anasema tangu leo hakuna mbwa atakayetoka kwake mpaka mwenye mbwa naye afundishwe wiki nzima. Anajua wateja watapungua. Asiyetaka, anasema, akafuge paka.

Na sherifu je?

"Aje tu," anasema, akimrushia Tansy kipande cha nyama. "Mbwa wa sherifu nilimfundisha mimi. Na sherifu mwenyewe aliniomba, nikamweka wiki nzima kwenye tope hili hili, mpaka akajua kugeuka."