Namba Tatu Kwenye Gunia

Fundi wetu wa pikipiki hapa Kathonzweni hawezi kufungua nati bila kuipa jezi. Anaipangusa kwenye paja la ovaroli, anaipuliza, kisha anaiweka mahali pake kwenye gunia: plagi golini, nati nne nyuma, springi ya breki mbele peke yake. Sauti yake iko chini kama ya mtu anayeombea chakula, na ukimjibu anainua spana, maana yake nyamaza. Mimi ndiye kocha wa timu ya mpira ya hapa, lakini mbele ya gunia lile mimi ni mteja tu. Jumamosi iliyopita tulikuwa na fainali dhidi ya Mutomo, na gurudumu langu la nyuma bado lilikuwa chini halijafungwa, yeye anasogeza winga.

"Kocha, huyu namba tatu, Nthiwa, umemweka nje kwa nini?"

Nikamwambia hakuja mazoezi, alikuwa anatafuta mbuzi waliopotea.

"Na Mutomo wakipitia huku kushoto, utawaambia nini? Mbuzi walipotea?"

Nikafoka kwamba timu ni yangu, pikipiki ni yangu, afunge niende. Akafunga, akanipa ufunguo. Nilipoisukuma, gurudumu la nyuma likayumba. Nikageuka. Alikuwa amefumba ngumi, vidole vyeusi kwa oili.

"Umeshika nati yangu!"

"Namba tatu," akasema. "Si umeona tunaweza kwenda bila yeye?"

Nikatoa simu nikampigia Nthiwa, huku mkono mwingine nimeunyoosha nipewe nati yangu.