Mashine Iliyosubiri Nyumba

Boriti ya mkoko iliyokatwa mbichi inanuka tope la chumvi, na ukiilaza karibu na mashine ya petroli harufu zile mbili zinashikana, huwezi tena kuzitenga. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka wangu wa darasa la saba. Ilijaa uani kwetu Mwera, ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa, ikafika mpaka kwenye mkeka wa kusalia wa bibi, mama akawa kila siku anaukung'uta na kulalamika kwamba nyumba imegeuka gereji. Mpaka leo nikipita mahali fundi anakata boriti, kabla sijakumbuka uso wa mtu yeyote, nakumbuka hasira.

Kisima chetu alikichimba babu, mzaa baba, na kabla hajafa alikitoa wakfu. Maana yake kila mwenye kiu alikuwa na haki nacho, mwenyeji na mpita njia, na sisi tuliobaki tulikuwa walinzi wake tu. Tena alituachia kazi, kwamba pipa la kutawadhia pale msikitini lisikauke. Kazi hiyo aliishika shangazi, na shangazi alipoolewa ikaniangukia mimi, mtoto wa kike mkubwa. Kila asubuhi kabla ya shule nilivuta maji kwa kamba ya mkonge, nikajaza pipa la msikiti, kisha mitungi ya nyumbani, kisha maji ya mbuzi. Kiangazi maji yanashuka, kamba inazidi urefu, na viganja vinawaka kana kwamba umesaga pilipili kwa mikono mitupu. Nikifika shuleni wenzangu wameshamaliza hesabu. Mwalimu ananiona mlangoni, anasema, "Mwenye kisima kafika," darasa zima linacheka. Nilijua ile ni thawabu, mama alinifundisha hivyo, na sijawahi kuikana. Lakini mwaka ule ulikuwa na mtihani wa kumaliza shule, na mtihani haumsubiri mtu aliye njiani na ndoo.

Ndipo mjomba Sefu, kaka yake mama, akaja na pampu. Aliipata kwenye shamba moja la mkonge lililokuwa likiuza vyombo vyake vya zamani, akaileta juu ya mkokoteni, imefungwa kwa gunia kama mgonjwa. Akaniambia, "Mpwa wangu, ile kamba kaifungie mbuzi." Usiku ule nililala nikihesabu masomo nitakayoyawahi. Sikujua kwamba baba naye alikuwa na mawazo yake. Asubuhi aliizunguka mashine, akaigusa hapa, akaipuliza vumbi pale, akasema haiwashwi mpaka iwe na nyumba yake, maana jua litaiua, mvua itaiua, na wezi watabeba mzoga wake. Mjomba akashauri aitwe fundi kutoka Pangani. Baba akacheka. "Shemeji, nyumba hii anayolala dada yako nimeijenga kwa mikono yangu. Kibanda cha mashine ndiyo kitanishinda?" Nyumba ile ilikuwa inavuja, lakini hilo humwambii mtu aliyemwoa dada yako.

Baba alikuwa mtu mwema, nataka nilitangulize hilo. Hakuwahi kutunyima, hakuwahi kukosa swala ya jamaa. Ila alikuwa na msemo mmoja, haraka haraka haina baraka, na aliutumia kama wengine wanavyotumia mto, kwa kulalia. Alisimamisha nguzo, akazitazama, akazing'oa. Alipigilia mbao za kushikilia nguzo, akasema zimekaa upande, akazibandua. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha misumari iliyopinda, juu ya jiwe, kwa jiwe lingine, ili itumike tena. Nikitoka kwenye kamba naingia kwenye misumari. Mwishowe kibanda kikasimama, na kweli kilipendeza. Baba alikizungushia kisima chote, mdomo wake na mashine pamoja, akatia mlango wa mbao, na mlangoni akatia kufuli. Mwizi ndiye aliyekuwa kichwani mwake. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyefikiri vingine, kwa sababu tulikuwa tumekizoea kisima kile mpaka tukakiona chetu.

Kesho yake alfajiri tukasikia hodi. Alikuwa Bi Rehema, jirani yetu, ndoo kichwani, na nyuma yake wanawake wengine watatu wanne.

"Bwana Hamisi," alisema baada ya salamu, kwa upole kabisa, "nimekuja kutoa pole. Kisima kimefiwa na nani?"

Baba akamwuliza, kimefiwa kivipi.

"Naona mmekiweka eda. Kiko ndani, mlango umefungwa, hakionekani na watu. Niambieni tu kinatoka eda lini, nije na ubani."

Wale wanawake walicheka mpaka ndoo zikagongana. Bibi alikuwa bado juu ya mkeka wake, anavuta uradi, tasbihi mkononi, wala hakugeuka. Alisema tu, "Mume wangu alipotoa wakfu hakutaja kufuli." Siku ile ile baba alikibomoa kibanda, nguzo kwa nguzo, na mimi nikarudishiwa misumari yangu.

Kisha masika ikaanza. Boriti zikalala uani zinanyeshewa, na mashine ikawa imeketi sebuleni kwetu kama mgeni asiyeaga. Wageni wa kweli walipokuja walikaa wameikunjia miguu. Nilimwendea baba nikamwambia, shikamoo baba, si tuiwashe tu asubuhi, jioni tuirudishe ndani? Akanijibu, "Mashine si mbuzi, mwanangu, ya kufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni." Mama naye akaniambia subira yavuta heri. Sikumjibu mama, sikulelewa hivyo, lakini moyoni niliuliza: subira ni yangu, hiyo heri inavutwa na nani? Ngoja ngoja huumiza matumbo, nao ni wahenga hao hao waliosema.

Mvua zilipokwisha baba alianza tena. Safari hii alikijenga kando ya kisima, mdomo ukabaki wazi kwa kila mtu, na wanawake wakaridhika. Alichimba, akamwaga saruji, akazamisha miguu ya mashine humo isiibiwe. Mama na bibi wakashona makuti, paa likaezekwa, mjomba akaitwa kuja kuwasha. Nilitoroka chandarua mapema nikasimama pale. Mjomba akatia petroli, akashika kamba ya kuwashia, halafu akatazama juu. Bomba la moshi lilikuwa limeelekea makuti moja kwa moja, karibu liyaguse.

"Shemeji," akasema, "tunawasha mashine au tunafukuza nyuki?"

Kuigeuza haikuwezekana, miguu ilikuwa imeshashikwa na saruji. Makuti yakashushwa yasije yakashika moto. Ikabidi tusubiri mabati. Nikatazama: mashine iko tayari, petroli imo, mpira wa maji umeshuka kisimani, juu kweupe hakuna hata wingu. Nikasema iwashwe basi hivyo hivyo. Baba akaifunika gunia. Mashine haiwashwi bila paa. Nikaichukua kamba yangu.

Mtihani niliufanya viganja vimevimba. Mabati yalikuja baadaye, ndipo pampu ikawashwa, ikakohoa, ikatema maji mekundu, kisha meupe, wanawake wakapiga vigelegele na Bi Rehema akiwa wa kwanza. Pipa la msikiti lilijaa kabla sijamaliza kusema bismillahi. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, langu halikuwemo. Hakuna aliyelihusisha na banda. Riziki anagawa Mungu, naamini hivyo, lakini najua pia ni masomo gani yalinipita nikiwa kisimani, kwa sababu niliyakuta tena nikiwa mama wa watoto, kwenye masomo ya jioni hapa mjini. Siku mwalimu alipoandika hesabu za kuzidisha sehemu ubaoni, chini kwa chini, juu kwa juu, nilizielewa mara moja, nikainamisha uso ili wenzangu wasinione nalia.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Chumbageni. Tulipochimba kisima, mume wangu alinunua mbao, akachora banda la pampu, zuri, lenye dirisha la hewa. Nikamwambia fundi afunge pampu kwanza, maji yatoke leo. Akauliza, bila banda? Nikachukua pipa la plastiki lililokatwa nusu, nikaifunika, juu nikaweka jiwe. Bomba moja nimelitoa nje ya ukuta, upande wa njia, halina kufuli.

Juzi baba alikuja kututembelea. Ni mzee sasa, anatembea na mkongojo. Alisimama mbele ya lile pipa muda mrefu.

"Mwanangu, mashine hii haina nyumba."

"Tutaijengea, baba, inshallah."

"Na mvua?"

"Ina kofia."

Baba alitoka nje ya ukuta, akafungua bomba, akatawadha polepole. Binti yangu wa mwisho akampita akiwa na sare, mkoba mgongoni, akamwamkia shikamoo babu, na kengele ya shule ilikuwa bado haijalia. Mbao za banda zimeegemea ukuta mpaka leo, zimeanza kupauka. Fundi sijamwita.