Mkeka wa Siti ya Nyuma

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili usije ukanishangaa mbele ya safari. Naogopa mbwa, naogopa radi, na kuliko vyote naogopa barabara. Lakini mama yangu alikuwa anaishi Kigombe, miguu imemvimba, na daktari wake yuko Tanga mjini. Kila siku nilimfikiria yuko nyuma ya bodaboda kwenda kliniki, ameng'ang'ania shati la dereva kwa mikono miwili. Ndipo nikaamua kununua gari.

Mwalimu mwenzangu aliniandikia kwenye karatasi mambo ya kuangalia. Kadi ya gari iwe na jina la muuzaji mwenyewe. Injini iwashwe ikiwa baridi. Tazama moshi, tazama matairi, jaribu breki. La mwisho alilipigia mistari miwili: nenda na fundi, alale chini ya gari.

Nilikwenda peke yangu.

Muuzaji alikuwa mzee wa rika la marehemu baba, mtaa wa pili tu kutoka kwangu, hapa hapa Mabawa, Tanga mjini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika kwa upole, akanikaribisha kahawa na kashata. Sasa mzee kama huyo umpelekee fundi wa kulala chini ya gari lake? Ni sawa na kumwambia usoni kuwa ni mwongo, na mimi sikulelewa hivyo. Nikakagua moshi, nikapiga teke matairi kama nilivyoona wanaume wakifanya. Nikafungua mlango wa nyuma. Ndani mlinukia udi, na chini palitandikwa mkeka wa ukindu, umekatwa ukaenea kona zote.

"Humu hatuingii na viatu, mwanangu," akasema.

Nikavua viatu, na moyo ukatulia papo hapo. Mtu anayelifukiza gari udi na kulitandikia mkeka, nikajiambia, hawezi kuwa amelitelekeza. Kuufunua huo mkeka hakukunijia hata akilini. Mtu amekukaribisha kwenye mkeka wake, utaufunuaje?

Nikalinunua, na siku ya kliniki nikamfuata mama Kigombe asubuhi. Alipoliona gari alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Alilizunguka akilipapasa kwa kiganja kama mtu anayepapasa mgongo wa mjukuu. Alikataa kukaa mbele, akataka siti ya nyuma apate kunyoosha miguu. Akavua kandambili zake bila kuambiwa, akaziweka mkekani.

Tulikuwa hatujafika mbali aliposema, "Ah!"

"Nini, mama?"

"Hakuna kitu. Naweka miguu vizuri."

Basi nikarudi kwenye woga wangu. Niliogopa mbuzi waliosimama kando ya barabara. Niliogopa lori la mkonge lililotokea mbele yetu, nikashika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Jua lilipopanda, harufu ya udi ikapungua, na badala yake ikaja harufu ya samaki, ya samaki waliolala. Nikadhani mama amebeba kitoweo. Kulikuwa na mvumo pia, upepo unaovuma kutoka chini, lakini mimi nilijuaje magari huvuma vipi?

Nikamtazama kwenye kioo. Miguu ameipandisha yote kwenye siti, mkono mmoja umeshika mlango, midomo inacheza.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Namswalia Mtume. Wewe tazama mbele."

Kwa kweli nilikasirika. Nilijinyima nimnunulie gari, halafu ananiombea dua kana kwamba namwendesha kuzimu! Sikumsemesha tena mpaka hospitali.

Nilipomfungulia mlango alikuwa ameshika kandambili moja.

"Nyingine iko wapi?"

Akanionyesha chini kwa kidole. Mkeka ulikuwa umejikunja upande mmoja, na pale ulipojikunja palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Niliona changarawe za uwanja wa hospitali. Nikagusa ukingo wa bati, ukamomonyoka mkononi mwangu kama mkate mkavu. Baadaye fundi aliniambia gari hilo lilibeba samaki na barafu miaka mingi, na maji ya chumvi yakala sakafu yote. Bisibisi yake iliingia kwenye chesisi bila hata kuisukuma kwa nguvu. Mpaka leo sijui kama mzee yule alikuwa anajua.

Lakini pale uwanjani sikuwa namwaza mzee. Nilikuwa natazama kifundo cha mguu wa mama, kilichochubuka duara zima, kinatoka damu.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilimfokea mama yangu mgonjwa mbele ya watu.

"Nikwambie wewe?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mguu ulizama wote, mwanangu. Barabara naiona inakimbia. Nikasema moyoni, huyu nikimwambia atashtuka, atatutupa kwenye mkonge tufe sote wawili. Bora nikae na langu."

Nikavua viatu vyangu nimvishe. Havikuingia, miguu ilikuwa imevimba mno. Akavaa ile kandambili moja, akanishika bega, tukaanza kutembea kwenda kwa daktari. Nilikuwa natetemeka, na yeye ndiye aliyekuwa ananishikilia.