Mtoto Wangu Alipiga Kura Mara Mbili

Uvumilivu wangu uliisha pale karani alipomvua mwanangu soksi za mikononi, akaangalia kidole kidogo cha kushoto, akaangalia cha kulia, kisha akaniambia mbele ya watu wote, "Madam, huyu mtoto ashapiga kura. Tena mara mbili."

Mwanangu alikuwa na miezi saba. Hata kukaa bila kuwekewa mto mgongoni alikuwa hajajua.

"Ati nini?"

"Rudi nyuma ya laini. Tumechoka na nyinyi wa kukodi watoto."

Kukodi! Huyo mtoto nilimbeba miezi tisa, nikapasuliwa ndipo akatoka, na kovu ninalo. Leo niambiwe nimemkodi kama kiti cha plastiki cha harusi?

Ngoja nieleze. Kwenye vituo vyetu vya kupigia kura, mama mwenye mtoto mchanga hapangi foleni. Anapelekwa mbele pamoja na wazee na wagonjwa. Ni utaratibu mzuri sana, na sisi watu wa mtaa wa Rhonda tukipewa kitu kizuri lazima tukitumie mpaka kiishe. Kwa hivyo siku ya kura watoto wa ploti za kupanga huazimwa. Mtoto mmoja anaweza kuingiza ukoo mzima. Ndiyo maana makarani wakaanza kuwapaka watoto wino kwenye kidole kidogo, kama watu wazima, ili mtoto akishaingia na mmoja asirudi na mwingine. Hayo yote niliyajua na nilikuwa nikiyacheka. Sikujua mtoto wa kuzungushwa mwaka huo atakuwa wangu.

Na mimi kura hiyo nilikuwa nimeingoja. Uchaguzi uliotangulia nilikuwa nimetoka tu shule, niko na karatasi ya kungojea kitambulisho, na kwa karatasi hiyo hakuna anayekuandikisha. Nikakaa nyumbani wengine wakichagua. Aliyechaguliwa kuwa diwani wetu alikuja kuona mtaro unaopita mbele ya ploti yetu mara moja, akapigwa picha akiuonyesha kwa kidole, akaenda. Mvua ikinyesha kule juu, maji na taka zote huteremka na kupitia mlango wangu bila kubisha. Nikiwa na mimba ya miezi minane nilichota maji ndani ya nyumba na beseni hadi mgongo ukagoma. Kesho yake nilienda kujiandikisha, matope yakiwa bado kwenye viatu. Makarani walikuwa wameweka meza chini ya mwavuli kando ya soko. Yule wa kupiga picha aliniambia nisogee nyuma kidogo, eti tumbo linazuia meza. Nikamwambia tumbo ndilo limenileta.

Kati ya waliokuwa wakitaka udiwani kulikuwa na mama mmoja muuza viatu vya mtumba. Yeye alikuja na gambuti na koleo, akazibua mtaro na sisi asubuhi nzima, hakuomba picha. Kura yangu ilikuwa yake. Nilikuwa nimeamua hivyo kama mtu anavyoamua kuolewa.

Siku yenyewe niliamka alfajiri kukaanga mandazi, maana laini ya kura ni watu wenye njaa waliokatazwa kuondoka. Mtoto nikamwachia jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima ambaye humlea mara nyingi. Nikauza karibu na geti la shule iliyokuwa kituo chetu mpaka beseni likabaki makombo. Kisha jirani akaniletea mtoto, amefungwa shali vizuri, amevishwa soksi mikononi. Nilishangaa kidogo kwa sababu jua lilikuwa lishatoka. Lakini mtoto akiletwa msafi huulizi maswali. Nikambeba nikaenda mbele, nikijisikia mwenye haki zangu zote.

Na hapo ndipo zikavuliwa soksi.

"Mtoto ni wangu," nikamwambia karani.

"Wote mnasema hivyo."

"Wangapi wamesema hivyo?"

"Wewe ni wa tatu."

Nikageuka. Jirani yangu alikuwa kando ya geti, ameketi karibu na beseni langu, anakula makombo. Kando yake binti yake mkubwa. Wote wawili vidole vyao vina wino.

"Mathe!" nikaita. "Kuja hapa!"

Alikuja polepole, wala hakuwa na aibu. "Si ulisema nikae na mtoto? Nimekaa naye. Nimekaa naye kwa laini."

"Na huyu msichana wako?"

"Huyo naye akasema mtoto ameboeka nyumbani."

Laini ilicheka. Ikaonekana jirani aliingia naye kwanza, mtoto akapakwa wino mkono wa kushoto. Kisha binti akauficha huo mkono ndani ya shali na kumwonyesha karani mkono wa kulia. Mtoto alikuwa na vidole viwili vyenye wino, na mama yake hakuwa hata na kimoja.

"Boss," jirani akamwambia karani, "huyu ndiye mwenye mtoto. Sisi tulikuwa wa kuazima tu." Alisema hivyo mbele ya askari. Askari akageuza uso ukutani, mabega yakawa yanatikisika.

Karani alikaza. "Mlisema uongo mara mbili, nitajuaje huu si wa tatu? Mtoto ana kitambulisho?"

Kitambulisho! Miezi saba! Nilifungua mdomo nimwambie maneno ambayo nisingeweza kuyaandika hapa, lakini mtoto alinitangulia. Alikuwa amesikia sauti yangu na njaa ikamkumbuka. Akalia kilio kile cha kutoa watu nje ya nyumba, akashika kifua changu kwa mikono yote miwili, na wino wake. Nikafunika shali nikamnyonyesha pale pale mlangoni. Kilio kikakatika kama redio iliyozimwa, ikabaki sauti ya kumeza, glu, glu.

Mzee mmoja mwenye bakora kwenye laini akauliza kwa sauti, "Karani! Na maziwa pia amekodi?"

Hapo shule yote ilipasuka kwa kicheko. Watu walipiga makofi. Mwanamke fulani akapiga vigelegele kana kwamba ndipo nimejifungua. Mimi niliyekuwa nimejaa hasira hadi masikioni nikaanza kucheka, na nikicheka mtoto anatingika, na akitingika ananing'ata. Msimamizi wa kituo akatoka ndani kuona kuna nini, akaelezwa na watu ishirini kwa pamoja. Akasema, "Mama, pita."

Ndani, mashine ya kusoma alama za vidole ikakataa vyangu mara mbili. Mtu wa mandazi vidole vyake vimeungua, tena vina mafuta. Nilivipangusa kwa shali la mtoto, nikabonyeza tena huku nikiiambia ile mashine kimoyomoyo kwamba leo hatutoki hapa. Ikalia. Kwenye kioo nikatokea mimi wa siku ya mwavuli, uso umevimba kama andazi, niko na mimba pomoni. Nikamwonyesha karani. "Unaona? Siku ya kujiandikisha alikuwepo. Alikuwa tu ndani." Karani akacheka bila kutaka.

Nilipewa karatasi sita za kura. Tano nilizipigia vizuri. Ile ya diwani, yenye rangi ya chai ya maziwa mengi, niliitandaza, nikaweka alama polepole kwenye jina la yule mama wa gambuti, nikaipuliza kama uji. Nikaitumbukiza kwa mkono mmoja, mwanangu kwa mkono mwingine. Nilipotoka na kidole changu chenye wino wa zambarau, laini ilinishangilia tena. Sijawahi kushangiliwa hivyo, hata siku ya harusi.

Lakini hasira haikuwa imekwisha, ilikuwa imenyonya tu ikatulia. Nilimwomba msimamizi karatasi. Akauliza kama ni ya kura. Nikamwambia hapana, ya malalamiko, na nakala yangu aigonge muhuri. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha barua rasmi miaka minne, na tangu nimalize shule sikuwa nimeandika hata moja. Niliiandikia ukutani, nimesimama, jirani amenishikia mtoto, na sasa nikimtazama kila mara. Ilisema hivi:

*Kwa Msimamizi wa Kituo,*

*MINTARAFU: KUPAKWA WINO KWA MWANANGU MARA MBILI*

*Mimi ni mpiga kura wa kituo hiki na ni mama mzazi wa mtoto aliyepakwa wino. Wanawake wawili waliingia naye leo asubuhi na hakuna aliyewauliza kama ndio waliomzaa. Mimi niliyemzaa ndiye niliyeulizwa, na nikaambiwa mbele ya watu kwamba nimemkodi. Nataka karani aniombe msamaha mbele ya watu hao hao, kabla laini haijaisha.*

*Pili, mtoto huyu hunyonya vidole. Siku nyingine mkitaka kuweka watoto alama, muulize kwanza mama ni nani, na muiweke mahali mtoto hawezi kulamba. Wanawake hao siwataji kwa sababu ni majirani na bado nawahitaji.*

*Mwisho, naomba mniambie wino huu unatolewaje bila kumchubua. Kama hautoki, basi mhesabu kura za mwanangu zote mbili. Hata yeye anaishi kando ya ule mtaro.*