Miche Arobaini ya Mama

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungisha maua ndoa. Katika shamba moja la utafiti wa kahawa, mbali na kwetu Migori, nilinyofoa kwa koleo ndogo sehemu za kiume za ua kabla halijachanua, nikalipaka chavua ya mti mwingine, nikalifunika kwa mfuko wa karatasi. Chavua hiyo ilitoka kwenye miti iliyochanganywa na kahawa ya mwituni, ambayo jeni zake zilileta kinga dhidi ya ugonjwa unaogeuza matunda mabichi kuwa meusi.

Ugonjwa huo ulikuwa umemaliza kahawa ya mama. Likizo moja nikampelekea miche arobaini. Ilizaa matunda safi, nami nikatembea kijijini kifua mbele.

Sikumwambia kwamba mbegu za miche hiyo hazifai kupandwa. Na mama alikuwa mtu wa mbegu! Mtama, wimbi, maharagwe: kijiji kizima kilichukua kwake. Akachuma matunda bora, akakausha mbegu kwa majivu kivulini, akaziotesha.

Niliporudi nilikuta kitalu nyuma ya jikoni, na miche mingi ilishagawiwa majirani wajane, waliong'oa mihogo yao kuipisha. Nilijua kwamba watoto wa mti chotara hawafanani, wengine wakirithi kinga, wengine wakiikosa. Lakini baba alikuwa ameshapanda mche wa kwanza wa kitalu hicho, kwa kuwa kwetu Waluo mwenye boma ndiye anayefungua upanzi. Kusema mbegu hiyo ni mbovu kungekuwa kuukana mkono wake. Nikafyata ulimi. Ulikuwa uoga mtupu, na bado unanichefua.

Miaka mitatu baadaye mvua ilinyesha bila kupumzika. Kwa wale wajane matunda yalikuwa meusi, tawi baada ya tawi, yakidondoka ukiyagusa tu. Ng'ambo ya ua, ile arobaini yetu iling'aa kijani. Wakaanza kuambiana kwamba mama alijiwekea nzuri akawapa mbovu.

Aliniita jikoni.

"Nyathina, mwanangu, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

Alipanga kuni ambazo zilikuwa tayari zimepangika.

"Basi usiwaambie. Wewe bado uko na maisha ya kuishi hapa."

Asubuhi alichukua panga akaikata mikahawa yote arobaini, ikiwa imejaa matunda. Baba alisimama mlangoni, hakumzuia. Mimi niling'oa visiki, mikono ikitoka malengelenge, nikilia kama mtoto.

Nilidhani wale wajane wataelewa kwamba hakutaka kubaki na kilichowakosa wao. Wakasema ameharibu ushahidi.

Msimu wa kupanda ulipofika, mama alishusha vyungu vyake vya mbegu za mtama, akavifuta vumbi, akavipanga barazani kama kila mwaka, watu waje kuchukua. Akakaa hapo kando siku nne. Siku ya tano alinituma nivirudishe ndani, na vyote vilikuwa vizito.